Swali la Tatu la Mwalimu wa Port Reitz

Ndege ikipita juu ya shule yetu, Mwalimu alinyamaza. Shule iko Port Reitz, uwanja wa ndege uko pale jirani, na mngurumo ukishaanza hata kengele huisikii. Walimu wengine walipaza sauti kushindana nao, wakatoka darasani makoo yamewakauka. Yeye alisimama tu, chaki mkononi, kidole kimoja juu, mpaka ndege ikapotea upande wa bahari. Kisha aliendelea na maneno yake palepale alipoyaachia, hata kama aliyaachia katikati ya jina la mji, na ole wake aliyesahau mwanzo ulikuwa nini.

Alitufundisha Masomo ya Jamii darasa la saba na la nane. Mtihani ulitaka mito, machifu na kazi za bunge. Hayo aliyafundisha harakaharaka, kama mtu anayekunywa dawa chungu, kisha akarudi kwenye jambo lake. Jambo lake lilikuwa moja tu, kwamba nchi yetu haikai peke yake. "Kenya ni nyumba yenye milango," alisema. "Mtoto wa Nyeri akiwa haijui milango hiyo nitamsamehe. Wewe wa Port Reitz unalala kizingitini. Wewe huna udhuru."

Nimekutana na watu wengi wanaojigamba kwamba mwalimu fulani aliwafungua macho. Mimi sijui kama yangu yalifunguliwa. Ninachojua ni kwamba kazi ninayofanya leo, ya kutoa mizigo ya watu bandarini, niliipenda kwa sababu ya yule mzee, na kwamba siku hizi nikimkumbuka hunipanda hasira nisiyojua niipeleke wapi.

Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na Jumatatu hadi Ijumaa alivaa suti ya Kaunda ya rangi ya vumbi. Miwani yake ilifungwa uzi upande mmoja. Alikuwa Mrabai na mzee wa kanisa, lakini kila jioni ungemkuta kwenye baraza karibu na msikiti, anakunywa kahawa tungu, isiyo na sukari, na wazee wa Kiislamu, na wao hawakumwacha salama. "Mwalimu, kahawa yako imeshasilimu," walimwambia. "Tunakungoja wewe tu." Naye alijibu kwamba anangoja kwanza tende ziwe tamu zaidi, maana za mwaka ule zilitoka Iraki na zilikaa sana melini. Hata kwenye mzaha hakuacha kusema kitu kimetoka wapi.

Neno alilolichukia kuliko yote ni "ng'ambo". Ukilitamka darasani ulisimama mpaka kipindi kiishe. "Ng'ambo ni wapi?" aliuliza, na mtoto akabaki anahangaika. "Hakuna mji unaoitwa Ng'ambo. Kuna Muscat, kuna Karachi, kuna Rotterdam. Watu wa huko wana majina, wana mvua yao, wana foleni zao. Ukisema ng'ambo umesema hujui, na unaona fahari kutojua." Tulipokuwa watundu tulilisema nje ya dirisha kwa sauti moja kisha tukakimbia, na yeye alitoka na fimbo huku anacheka.

Usidhani alikuwa msafiri. Mtu huyu aliyetuzungusha dunia nzima hakuwahi kupanda ndege, na feri ya Likoni aliiogopa kama mtoto anavyoogopa sindano. Alifiwa na rafiki yake kule Ng'ombeni, upande wa pili wa kivuko, akafika ukingoni na shada la maua, akaitazama feri ikija na kuondoka, akarudi nyumbani na shada lake. Alitusimulia mwenyewe, wala hakuona haya. Miaka mingi baadaye, ilipofunguliwa barabara ya Dongo Kundu ambayo inampeleka mtu Kwale bila kuvuka kwa feri, alikwenda na kurudi siku hiyohiyo bila shughuli yoyote, ili tu aseme amefika kusini. Aliporudi alinipigia simu. "Kumbe kuna minazi," akaniambia, kama mtu aliyegundua bara jipya.

Desturi yake iliyompa jina mtaani ilikuwa ya Ijumaa. Kila Ijumaa mtoto mmoja alileta kitu kutoka kwao, chochote, akasimama nacho mbele ya darasa na kuulizwa maswali matatu. La kwanza, kimetengenezwa wapi. La pili, kimeingia kwa mlango gani: bandari, uwanja wa ndege, au mpaka, na mpaka upi. La tatu ndilo lililotutoa machozi. Sisi tuliwapelekea nini watu hao? Huwezi kuketi bila kulijibu. "Nchi inayopokea tu ni ombaomba," alisema, "na mimi sifundishi watoto wa ombaomba."

Zamu yangu ilipofika nilileta kanga ya mama. Niliamini nimemweza. Nikasema kanga hii imetengenezwa Mombasa, mama ameinunua mjini, na ushahidi ni huu hapa, ina maneno ya Kiswahili. Darasa likanipigia makofi. Mwalimu akaigeuza kanga, akanionyesha maandishi madogo ya pindoni. India.

"Lakini imeandikwa Kiswahili, Mwalimu!"

"Mhindi akikuandikia jina lako, umekuwa mwanawe?"

Nikaona machozi yanakuja. Swali la pili nilijibu, bandari, maana baba yangu alikuwa dereva wa winchi huko na bandari ilikuwa jibu letu la kila kitu. La tatu sikulijua. Niliachwa nimesimama na kanga ya mama mabegani, wenzangu wakinong'ona, mpaka mwenyewe akanihurumia. Akaniuliza baba yangu ametoka wapi. Nikasema Ukambani. "Nyanya yako analima nini?" Nikasema mahindi, na ndengu. Akapiga meza kwa furaha. "Basi! Wahindi wanapenda ndengu kuliko sisi. Pengine nyanya yako alizipepeta, zikaja kwa gari moshi, baba yako akazipandisha meli kwa winchi, na kanga ikarudi kwa mama yako. Familia nzima inafanya kazi na haijuani."

Sijui kama ndengu za nyanya yangu zilifika India. Nadhani zililiwa Machakos. Lakini nilikwenda nyumbani siku ile nikamtazama baba akila ugali kimya, amechoka, mafuta ya winchi kwenye kucha, na nikaona ni mtu mkubwa. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipa zawadi kama hiyo.

Maswali yale yalileta balaa pia. Kuna mtoto wa mtaa wa Chaani, Juma, alileta viatu vipya vya michezo, vyeupe, vinanukia boksi. Swali la kwanza akajibu vizuri, Vietnam. Swali la pili, vimeingia kwa mlango gani? Juma alikuwa mtoto mkweli. "Havikuingia mlangoni, Mwalimu. Baba alivirusha juu ya ukuta wa bandari."

Darasa zima lilikuwa la watoto wa bandari. Hakuna aliyecheka, maana kila mmoja alifikiria vitu vya kwao. Mwalimu akafuta miwani yake, akamwambia Juma aketi, na swali la tatu hakuliuliza. Jioni alikwenda mwenyewe hadi Chaani kuonana na yule baba, ambaye alimpokea mlangoni amekunja ngumi. Mwalimu akamwambia, "Mwanao hajui kudanganya. Huyo ni mali kuliko viatu. Usimharibu." Wakaishia kula muhogo pamoja. Lakini tangu wiki ile, kila kiatu, kila redio, kila mkebe wa maziwa uliofika darasani kutoka Chaani ulikuwa "mtumba wa soko la Kongowea, Mwalimu", na yeye aliandika Kongowea ubaoni na uso mkavu.

Alikuwa na ubaya wake. Alichapa, na alichapa kwa makosa ambayo leo naona hayakustahili. Hakusifu. Jibu likiwa sahihi alisema "endelea", likiwa la ajabu kwa usahihi alisema "endelea" mara mbili. Sisi watoto wa bara alituchekea Kiswahili chetu mbele ya wengine, na kuna waliomchukia hadi leo kwa hilo. Na aliamini kitu kimoja kwa upofu ambao sikuuona zamani: kwamba mtu akishajua, hawezi kudhurika. Anayejua njia hapotei, alisema. Aliyasema haya kama watu wengine wanavyosema Mungu yupo.

Mimi nilimaliza shule, nikaajiriwa na kampuni ndogo ya kutoa mizigo, na yeye akaanza kuniita darasani Ijumaa moja kila muhula niwaeleze watoto jinsi kontena linavyotoka bandarini. Nilipenda kwenda. Nilikuwepo siku ile ya blanketi.

Msichana mmoja mdogo, mpya shuleni, alikuja na blanketi nene la rangi ya zambarau, limefungwa bado kwenye plastiki yake. Alikuwa anaishi na nyanya yake, kikongwe wa Mishomoroni aliyehamia kwetu. Swali la kwanza akajibu Uchina, lakini limetoka Riyadh. Mwalimu akasema "endelea". La pili akajibu uwanja wa ndege, lililetwa na abiria. Akasema tena "endelea". La tatu: na sisi Riyadh tulipeleka nini? Nilikuwa na jibu langu tayari mdomoni, chai na nyama ya mbuzi.

"Mamangu," akasema msichana.

Mwalimu alidhani hakuelewa swali. "Nauliza bidhaa, mwanangu. Mtu si mzigo."

"Sawa, Mwalimu. Lakini yeye ndiye ameenda na blanketi ndilo limekuja."

Akamwambia aketi. Hapo mkono ukainuka nyuma: shangazi yangu yuko Doha. Mwingine: dada yangu, Jeddah. Mwingine: mama, Dammam, hatujaongea naye tangu Krismasi. Walidhani wanajibu vizuri. Walikuwa wanashindana, kila mmoja anataka mji wake utajwe, na majina waliyatamka sawasawa kama alivyowafundisha. Mwalimu alisimama kidole kimoja juu kana kwamba kuna ndege inapita. Kisha akawaambia watoke wakacheze. Hakuwahi kufanya hivyo kabla. Nilibaki naye darasani, nikaona chaki imevunjika mkononi mwake na hajui.

Mtu mwingine angeacha ile desturi. Yeye aliifanya kubwa zaidi. Alijua kuna hatari, alisikia habari kama sisi sote, na dawa yake ilikuwa ileile moja. Watu waende wakijua. Akaanza kuwapokea kina mama nyumbani kwake jioni baada ya kahawa, wale wanaotaka kwenda na wale ambao mabinti zao wameshakwenda. Alitandika ramani yake ya kitambaa mezani. Aliwaambia ubalozi uko mji gani, pasipoti isiachwe mkononi mwa nani, simu ifichwe wapi.

Nyanya wa yule msichana wa blanketi alikuja pia. "Abee, Mwalimu," aliitika alipoitwa, akaja mbele akitembelea fimbo. "Wallahi mimi dunia siijui. Nataka unioneshe tu alipo mwanangu." Mwalimu akamshika mkono akakiweka kidole chake juu ya Riyadh. Kikongwe hakukiondoa. Wengine wakaendelea kuuliza maswali yao, na yeye ameegemea meza, kidole palepale, mpaka ramani ikakunjwa. Binti yake alirudi baadaye, mzima, akakaa kidogo akaondoka tena, na Mwalimu aliuhesabu huo kuwa ushindi.

Hapa nyumbani hapakuwa tena na kazi ya kumzuia mtu asiondoke. Mizigo ilianza kupita tu, inashuka melini na kupanda treni kwenda bara bila kusimama kwetu Changamwe, na wanaume waliokuwa wakiilinda, wakiibeba, wakiiendesha, wakabaki wameketi vibarazani mchana. Baba yake Juma aliuza maji kwa mkokoteni. Mwalimu aliyafundisha hayo pia. Siku moja aliwatoa watoto nje wakaangalia treni ikipita kwa mbali, akawaambia, "Mlango bado upo. Ila sasa hawabishi hodi."

Alikuwa na mtoto mmoja, Sidi. Mkewe alikufa Sidi akiwa mdogo. Sidi alisomea ualimu kama baba yake, akamaliza, akangoja kuajiriwa na serikali, akangoja tena. Alifundisha shule ya binafsi ambayo ilifungwa. Alikuwa msichana wa maneno mengi, mcheshi, anamwigiza baba yake na kile kidole mpaka unashika mbavu. Siku aliyosema anakwenda Saudia kazi za nyumbani, Mwalimu alikuja ofisini kwangu akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mkataze," nikamwambia.

"Kwa mdomo upi? Nimewaonyesha njia watoto wa watu. Wangu nimwambie njia ni mbaya?"

Basi akamwandaa. Sijaona binti aliyeandaliwa vile. Alimkaririsha mitaa, namba, majina ya ofisi. Na kwa kuwa Sidi hakujua Kiarabu, Mwalimu aliwaomba wazee wake wa kahawa wamfundishe. Wazee walifurahi. Jioni baada ya jioni Sidi aliketi nao, kitambaa kichwani kwa heshima, wakamfundisha Kiarabu walichokijua wao, cha dua na salamu na kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa chakula. Alijifunza upesi. Wazee walisema binti huyu akifika huko waajiri wake wataona aibu kumtuma. Nilipita barazani jioni moja nikamsikia anamwombea mgonjwa afya njema kwa lafudhi safi kabisa, na sote tukapiga makofi kama wajinga.

Siku aliyoondoka Sidi, Mwalimu alikuwa na kipindi. Ndege ikapita juu, akanyamaza, akainua kidole. Watoto waliniambia kwamba baada ya mngurumo kuisha hakukumbuka alikuwa anasema nini. Mtoto mmoja akamkumbusha.

Miezi ya kwanza Sidi alipiga simu. Kisha simu ikawa inaita bila kujibiwa, kisha haikuita tena. Mwalimu alikwenda kwa wakala aliyempeleka, akakuta ofisi yake imegeuzwa chumba cha kinyozi. Alikwenda ofisi za serikali mjini akaambiwa angoje. Aliandika barua pepe kwa ubalozi, maana alijua anwani yake, alikuwa akiifundisha. Jirani mmoja alipomuuliza Sidi yuko wapi siku hizi, nilimsikia kwa masikio yangu akijibu, "Yuko ng'ambo."

Halafu akaja tena ofisini kwangu. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti changu akitazama kompyuta. "Kontena likipotea mnalitafuta vipi?"

Nikamweleza. Kila kontena lina namba yake. Unaiandika hapa, inakuambia liko meli gani, au bandari gani, au yadi gani limewekwa juu ya lipi. Nikamwonyesha moja lililokuwa limekwama bandari ya Salalah.

"Na mtu?"

Nilimwandalia chai, na hakuinywa. Kuna wakati nafikiri nilipaswa kusema chochote, hata upuuzi, kuliko kukoroga sukari.

Sidi alirudi baada ya zaidi ya miaka miwili. Mwalimu alipigiwa simu kutoka uwanja wa ndege: kuna msichana hapa ameketi, abiria wote wameshatoka, yeye hatoki, na namba hii ndiyo pekee anayoijua. Alikwenda kwa miguu, maana ni karibu. Alinisimulia kwamba Sidi alisimama akamwambia, "Shikamoo, baba," naye akaitikia "Marahaba," na kwamba hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi waliyoyafanya mwezi ule wote.

Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa vibaya. Hayo yalipona. Kitu ambacho hakikupona ni kwamba ukimwita kutoka chumba kingine anakuja mbio na anasimama mbele yako mikono nyuma. Alilala jikoni chini, kitanda chake kikiwa kimetandikwa. Aliosha vyombo vilivyooshwa. Wazee wa kahawa walikuja kumpa pole, mmoja akamsalimu kwa Kiarabu kama zamani, kwa mapenzi tu, na Sidi akaingia ndani akafunga mlango. Baadaye alimwambia baba yake jambo moja, na hilo ndilo pekee aliloeleza kuhusu safari nzima. "Kile Kiarabu kiliwachekesha."

Mwalimu alinieleza haya tukiwa matangani kwa watu, pembeni, sahani za pilau mapajani. Alikuwa amestaafu kabla ya wakati wake. Akasema, "Nimefundisha maisha yangu yote watoto kueleza kitu kilivyosafiri. Hiki cha kwangu kimerudi, kiko ndani ya nyumba, na siwezi kukiuliza." Nikamwambia ampe muda. Akasema, "Nilimwandaa mimi. Asingeandaliwa angeogopa. Angeogopa asingekwenda." Hilo nililipinga kwa nguvu, nikasema Sidi ni mtu mzima, aliamua, kazi hazikuwepo, kosa ni la wengine kabisa. Nililipinga kwa sababu nampenda. Sijui kama nilikuwa na haki.

Mwaka huu binti yangu yuko gredi ya tano. Walipewa kazi ya nyumbani: wachore ramani ya Kenya na mishale, inayoingia kwa bidhaa tunazopokea na inayotoka kwa tunazopeleka. Nilifurahi kuliko yeye. Nikamwambia, "Wewe leo utafundishwa na aliyenifundisha mimi," na njia nzima nikamjaza sifa za Mwalimu. Nilifikiri pia itamchangamsha mzee.

Tulimkuta kibarazani. Alimpokea mtoto vizuri, akamuuliza jina na darasa. Akaomba karatasi akachora Kenya kwa mkono mtupu, bila kutazama popote, na ilikuwa Kenya hasa, na ziwa lake na pwani yake na ile kona ya Lunga Lunga. Binti yangu alishangaa. Kisha Mwalimu akaweka penseli chini.

"Na mishale, Babu?" akauliza mtoto. "Tunapeleka nini?"

"Hatupeleki kitu."

"Chai? Madam alisema chai."

"Chai tunakunywa sisi wenyewe."

"Na maua?"

"Maua yanamea Naivasha, yanakauka Naivasha. Nje ya mstari huu hakuna kitu, mwanangu. Ni maji tu."

Nikacheka nikidhani anamtania. Hakuwa anatania. Wakati huo Sidi akatoka na chai, akaiweka mbele ya kila mmoja wetu bila kuinua macho, akabaki amesimama. Binti yangu ni mdadisi, nimemlea hivyo. Akachukua penseli, akagusa mahali pa wazi juu ya karatasi, kaskazini mashariki ya Kenya, ambapo Arabuni ingekuwa kama ingechorwa. "Anti, Mama anasema wewe ulifika huku. Kukoje?"

Sikuwahi kumkataza asiseme. Nilijua nilipaswa kumkataza, nikasahau.

Sidi akatazama ile nafasi tupu. "Mimi?" akasema, kwa upole. "Mimi sijatoka hapa."

Nikamtazama Mwalimu. Huyu ni mtu aliyetuchapa kwa kuweka Muscat mahali pa Aden. Mikono yake ilikuwa magotini.

"Umemsikia Anti," akamwambia mtoto. "Hajatoka hapa."

Tulikunywa ile chai. Ndege ilipita, na hakuna aliyeinua kichwa. Mwalimu alitusindikiza mpaka barabarani, polepole, na tulipoagana alinishika mkono akasema kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, "Mfundishe ya mtihani tu. Nakuomba. Ya mtihani tu." Mwalimu wangu hakuwahi kuniomba kitu. Nikaitika ndiyo, Mwalimu, na nilikuwa nalia.

Binti yangu alitembea hatua chache, ameikunja ramani kwapani, amekasirika. "Mama, si ulisema yule ndiye anayejua dunia yote? Hajui kitu. Hata mshale mmoja."

Nikamwambia amezeeka, tukavuka barabara.